Swali Dogo Tu kwa Mkaguzi

Jumatatu, 12 Januari

Kanuni mpya za injini zimeanza kutumika. Mwaka huu gari la mashindano haliruhusiwi kubana hewa na mafuta kwa nguvu kama zamani, na karibu nusu ya kazi itafanywa na betri. Nani kanieleza? Hakuna. Nimesoma mwenyewe ubaoni, rimu zikinidondoshea maji miguuni. Mimi ndiye muosha magurudumu wa timu. Kwa sasa. Nia yangu ni kuhamia chumba cha injini kabla ya mbio za kwanza.

Nimekwenda huko kuuliza jambo moja: kwa nini injini inapimwa ikiwa baridi, wakati inakimbia ikiwa moto? Mpimaji wao, yule tunayemwita Milimita, kanifungia mlango usoni. Kasema nirudi kwenye sabuni yangu. Ana wivu, si bure.

Jumanne, 13 Januari

Swali limeninyima raha. Nimelijibu jikoni. Mke wangu ana sufuria ya chuma, na kifuniko cha alumini kinachozama ndani ya mdomo wake na kucheza kidogo. Nimekitumbukiza, nikawasha moto mkali. Kimevimba, kikang'ang'ania! Kikiwa baridi kinapita, kikipata moto hakitoki. Yaani pistoni ya madini yanayovimba itapimwa ndogo, kisha itakimbia ikiwa kubwa na kubana kwa nguvu kama zamani. Nimecheza peke yangu.

Halafu nikakumbuka maharage yamo ndani. Nikaimwagia sufuria maji baridi ili iachie. Ikanywea, ikakibana zaidi. Mke wangu kauliza kama kanuni mpya zinasema pia tule nini. Tumekula mkate.

Alhamisi, 15 Januari

Mkaguzi wa shirikisho la mbio kaja kazini kwetu. Bahati imenifuata mpaka kwenye buli la chai. Wazo langu nataka kumpelekea Dada Mkubwa, mhandisi wetu mkuu, lakini nikaona heri kwanza nihakikishe linaruhusiwa, nimkabidhi likiwa limeiva. Basi nikamwuliza mkaguzi, kama mtu anayepiga soga, itakuwaje kitu kikipimwa kidogo, kisha kikapata moto kikakua. Nikamweleza na habari za sufuria.

Kaacha kutafuna. Kaniomba nirudie polepole. Ndiye mtu wa kwanza katika jengo hili kunisikiliza mpaka mwisho. Nusura machozi yanitoke. Milimita kapita, katuona, uso ukamsawijika. Wivu tena.

Jumamosi, 17 Januari

Tangazo! Injini sasa zitapimwa zikiwa baridi na zikiwa moto pia. Shirikisho linamshukuru mdau mmoja kwa swali lake la busara. Mdau! Nikatoka mbio mpaka chumba cha injini. Safari hii mlango ulikuwa wazi, wote wamesimama kama wako msibani. Nikawaambia wasihangaike kumtafuta huyo mdau, ni mimi.

Milimita alikaa chini, sakafuni. Dada Mkubwa akaniuliza kwa upole kama najua walikuwa wanafanya nini humu miaka miwili. Akaondoa kitambaa mezani. Pistoni. Nzuri kweli. Akasema zikiwa baridi zinapita kila kipimo. Nikamwuliza, na zikipata moto je? Akaanza kulia. Nilijisikia vibaya sana, maana nilitaka kweli kujua zinavimba kiasi gani.

Jumatatu, 19 Januari

Nimehamishwa. Si chumba cha injini, ni getini. Kazi yangu ni kuinua kizuizi na kufunga mdomo. Agizo la Dada Mkubwa: nisizungumze na mtu yeyote kuhusu kitu chochote chenye magurudumu. Nimekubali. Somo limeingia.

Mchana wamepitisha bawa la nyuma la gari jipya, lile la kuligandamiza barabarani, limefunikwa turubai. Upepo ulipovuma, likalala. Upepo ulipotulia, likasimama wima. Sasa hilo linapimwa limelala au limesimama? Nimewauliza wapakiaji. Hawajui, au wanajifanya.

Mkaguzi anarudi kesho, na lazima asimame hapa getini kwangu. Bawa halina magurudumu, kwa hiyo sivunji agizo. Ni swali dogo tu. Tena safari hii nitamwomba atangaze kwamba mdau ni Milimita. Amekuwa mnyonge tangu Jumamosi, shukrani kidogo zitamchangamsha.