Kamera Mpya na Chupa ya Jamu Namba 614

Kwa Bwana Meneja wa Kiwanda cha Jamu,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu.

Bila shaka unanifahamu, maana kiwanda ni mimi. Mengine ni paa na mashine. Miaka kumi na tisa nimekalia kiti cha mkaguzi, na macho yangu haya yamekamata nywele, vibanzi, na siku moja nyuki aliyejifanya mbegu. Mota ilipoungua, niliuvuta mkanda wa chupa kwa mkono mmoja hadi saa ya kutoka. Shahidi wangu amestaafu.

Kwa heshima zote, nailalamikia kamera uliyoifunga juu ya kichwa changu.

1. Inaona kupita kiasi. Fundi alitueleza kuwa ndani yake kuna kidude cha kupokea mwanga, kidogo kama ukucha, chenye vinukta milioni hamsini. Nikamuuliza, vyote hivyo vya kutazamia jamu? Akasema, "Mjomba, humu hata nywele za pua yako zinahesabika." Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo. Kamera ya zamani ilikuwa na adabu: ilionyesha ukungu, tukamalizia wenyewe kwa busara.

2. Haina simile. Jumanne ilisimamisha mkanda kwa sababu ya kitu cheupe ndani ya chupa namba 614, ambayo mimi nilikwisha kuipitisha. Nikatangaza mbele ya wote kuwa ni punje ya sukari. Kamera ikaikuza kwenye skrini hadi ikawa kama mlango. Wakaniuliza, "Sukari gani ina waya, mzee?" Nikawajibu kuwa sukari ya siku hizi ina mambo.

3. Inaponza wasio na hatia. Chupa ilikutwa mbele ya mama anayefunga vifuniko, ukamsimamisha kazi hadi mwenye kitu hicho cheupe, eti ni jino la bandia, ajulikane. Mama yule tunatazamana mwaka wa saba huu. Meno yake yote amepewa na Mungu, wala hana pengo. Mbona vinukta milioni hamsini havikuliona hilo?

4. Inadhuru afya. Tangu Jumanne nina mafua, navaa barakoa, na nimepunguza maneno. Wenzangu wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Kwa hiyo naomba ing'olewe. Ikishindikana, kioo chake kipakwe mafuta kidogo. Hilo nalo likishindikana, ihamishiwe ofisini kwako ikukodolee wewe wiki nzima, tuone kama kiwanda kitabaki na meneja.

Nisalimie dada wa mapokezi, mafundi wote, na mlinzi wa getini anayeniita Domo Kaya. Nimemsamehe.

Ni mimi, nguzo yako,
Mkaguzi Mkuu (tena wa pekee)

N.B. Mama wa vifuniko mrudishe kesho asubuhi. Jino ni langu. Lilichomoka nikiwasimulia jinsi nilivyomng'ata chui sikio. Pale penye kung'ata nilitia mkazo. Nililiona likitua kwenye jamu, nikaipitisha chupa hivyo hivyo. Kamera iache ilipo. Ila jino naliomba kabla ya Jumamosi, wanakuja kumposa mpwa wangu na msemaji wa ukoo ni mimi. Na chui mwenyewe, Bwana Meneja, alikuwa paka wa jirani. Aliyekimbia ni mimi.