Vijiko vya Sukari Kwenye Karatasi ya Fidla

Jamani, leo nimeaibika. Tena nikiwa na fidla mkononi.

Nasoma muziki hapa Toronto. Asubuhi ilikuwa zamu yangu kuwasilisha utafiti wa mwisho wa muhula, na maksi zake ndizo zinazoamua kama nabaki na ufadhili. Mada: alama za penseli ambazo wapiga fidla wa karne ya kumi na tisa waliandika kwenye noti zao. Namba huonyesha kidole cha kutumia. V huonyesha upinde uende juu.

Karatasi yangu niliipata maktabani, chapa ya zamani kweli, muziki wa wapigaji wanne. Mwanzo wa sehemu ya polepole, juu ya noti nne, mtu kaandika 1, 4, 4, 2. Chini ya kila namba, V. Miezi minne nimezichambua! (Kutoka Scarborough mpaka maktaba ni mabasi mawili, tena kwenye theluji.)

Nikaeleza kwamba hizo 4 mbili zimefuatana kwa sababu kidole kidogo, ambacho kwa wapiga fidla ndicho cha nne, kiliteleza kwenye waya bila kuinuliwa, ladha ya enzi zile. Kisha nikapiga. Upinde juu, juu, juu, juu. Kama nafukuza nzi. Nikafumba na macho, kwa hisia.

Nilipofumbua, mzee mmoja wa Kihindi mstari wa mbele kainua mkono. Profesa alikuwa amemwalika kwa sababu ndiye aliyeipa maktaba karatasi zile. Zilikuwa za baba yake. Akaniambia kwa Kiswahili safi cha Tanga:

"Mwanangu, hizo si namba za vidole. Huo mwandiko wa mama. Baba na wenzake wakifika hapo walipumzika, wakanywa chai. Hivyo ni vijiko vya sukari."

"Shikamoo," nikajibu. (Sijui kwa nini.)

"Marahaba. Na hizo V ni tiki. Kila aliyepewa kikombe, aliwekewa tiki."

Profesa akauliza, "Amesemaje?"

Mzee akajifanya hakusikia. Alitaka kunisitiri, maskini. Darasa zima likanitazama. Ikabidi nitafsiri mwenyewe, kwa Kiingereza, neno kwa neno, mpaka sukari.

Walicheka hadi profesa akavua miwani kufuta machozi. Nimepewa wiki mbili nirudie utafiti, safari hii pamoja na mzee.

Mlangoni akanishika bega. "Usihuzunike. Sukari ya mama umeipiga vizuri sana."

Naomba mtu yeyote asinitumie emoji ya kikombe.