Mafuta na Kompyuta Isiyosumbua

Walimwita Mafuta kwa sababu maneno yake yalimteremka mtu kooni bila kutafunwa. Asubuhi moja alikuwa amekwenda kutoa nakala ya kitambulisho, akamkuta mama mchapaji akigombana na kompyuta. Barua ya mteja ilikuwa imefika nusu, na juu yake limekaa tangazo: mfumo mpya uko tayari, bonyeza hapa.

"Nalifukuza, linarudi," mama alilalamika. "Kama mgeni aliyesahau kofia."

Mafuta alikuwa na elimu moja tu ya kompyuta: alijua pa kubonyeza ili matangazo yanyamaze siku saba. Siku ya nane yalirudi. Mwingine angeona kasoro hapo. Yeye aliona ajira.

"Huo ni ugonjwa, mama," alisema kwa upole wa tabibu. "Shukuru umenipata mapema. Hebu geuka kidogo."

Mwezi haukuisha, mtaa mzima ulikuwa wake: wakili wa ghorofani, muuza dawa, mwalimu wa udereva. Kila wiki alipita, akaguna, akabonyeza, akalipwa. Akanunua kompyuta mpya ya mkononi, akaibeba kwapani mchana kutwa, maana tabibu asiye na mkoba ni mpita njia tu.

Siku moja mama mchapaji akamwita chumba cha nyuma. Mezani palikuwa na kompyuta nyeusi, imefutwa vumbi vizuri.

"Hii, mwanangu, mwaka wa sita haijaniletea tangazo hata moja."

Mafuta akaitazama nusu saa nzima. Hakuna tangazo. Wakili angeinunua kwa bei yoyote ile.

"Niuzie, mama."

"Siuzi. Nimeizoea."

"Basi tubadilishane. Chukua hii yangu, mpya kabisa."

Mama akasitasita, akasema hapana mara mbili, mwishowe akamhurumia, akakubali. Mafuta alitoka na mzigo wake haraka, asije mama akajuta.

Ghorofani alimweleza wakili kwamba ameiponya kompyuta hiyo moja kwa moja. Wakili akajaribu kufungua barua pepe. Haikufunguka. Akajaribu gazeti. Halikufunguka. Karani wake akasogea, akabonyeza huku na kule, akajifuta machozi ya kicheko.

"Hii imezeeka, kaka. Haiwezi kupokea mfumo wowote mpya, na walioiunda wameshaisahau. Marehemu, nani atamletea mwaliko wa harusi?"

Mafuta aliteremka ngazi na marehemu wake mikononi. Mama alikuwa anachapa kwenye kompyuta mpya, vidole vikiruka.

"Mama, umeniuzia maiti."

"Sikukuuzia, uliniomba. Nilisema haileti matangazo. Imeleta?"

"Haijaleta."

"Na nilikataa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi nimekudanganya wapi, mwanangu?"

Mafuta aliutafuta uongo kila upande, asiuone, na hilo ndilo lililomuuma kuliko hasara yenyewe. Akasema basi atarejea kwa wagonjwa wake wa mtaani.

"Hao usijisumbue," mama alisema bila kuinua macho. "Jana nilipita nikawaambia wakubali tu huo mfumo mpya. Haukumaliza hata saa moja, na matangazo yamekwisha."

Akachapa mstari mmoja zaidi, kisha akamvutia kiti karibu na mlango. Mafuta akaketi, amepakata kompyuta yake, akaombwa asiegemee mlango, wateja wanapita.