Nilichokiona Kwenye Mashine Namba Tatu

Jumatatu, 9 Agosti 2004
Wateja wachache. Umeme upo, ajabu. Leo nimebonyeza kwa bahati mbaya nikagundua jambo kubwa: kompyuta inakumbuka! Mteja akishaondoka, kila alichokifungua kinabaki kwenye kitu kiitwacho historia. Kumbe mwaka mzima nimekaa kwenye intaneti kafe yangu, hapa hapa Chikongola, kama mlinzi aliyefumba macho!

Sasa basi. Mtoa huduma ni kama daktari, lazima ajue. Si umbea, ni ulinzi. Nimeanza na mwalimu Zainabu: mapishi ya keki na mashairi ya mapenzi. Ana mume, mashairi ya nini? Sijamwambia mtu, isipokuwa mke wangu Yustina. Yeye kaniambia niende nikaungame.

Jumatano, 11 Agosti
Yesu na Maria! Tumaini, mchumba wa binti yangu Upendo, alikuja leo. Kijana wa kituo cha utafiti Naliendele, mtaalamu wa magonjwa ya mikorosho. Jumapili iliyopita padri katangaza ndoa yao kwa mara ya kwanza. Alikaa mashine namba tatu, akawa ananiangalia kwa jicho la pembeni. Alipoondoka nikaingia kwenye historia. Kiingereza kitupu. Nikashika kamusi.

Virusi. Kuambukizwa. Dalili: kuwa mzito, kuzimika ghafla. Namna ya kuzuia visisambae kwa wengine. Na minyoo juu yake!

Upendo ni mtoto wangu wa pekee. Mdogo wangu aliondoka na ugonjwa huohuo, nilimwogesha kwa mikono yangu, naujua. Na sasa nikifikiri, shingo ya Tumaini imepungua. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Alhamisi, 12 Agosti
Mpango. Nisimkabili kijana, nitumie hekima. Nimemwita Mikaeli, mshenga wao. Nikamwambia kidogo tu: mkwe wangu mtarajiwa akapime kabla ya tangazo la pili. Akauliza kwa nini. Nikasema nimeona. Umeona nini? Nikamwambia yote. Lakini nimemwapisha kwa Biblia. Mtu mzima yule, ana heshima zake, siri itakaa.

Jumamosi, 14 Agosti
Siri haikukaa. Asubuhi Aida muuza samaki kaniuliza, mbele za watu, kama ni kweli mkwe kaukwaa. Kazini Tumaini katengewa kikombe chake. Magomeni, hapa hapa mjini, alikopanga, mama mwenye nyumba kamwambia atafute chumba kwingine. Imeniuma, sikatai. Lakini ukweli huuma, nitafanyaje?

Jioni kaja Upendo. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Kasema walikwenda kupima wote wawili kabla hata ya barua ya posa. Majibu wanayajua wao. Mimi hataniambia, maana hayanihusu. Kisha akauliza nimejuaje alichosoma Tumaini. Nikajibu kwamba mzazi ana macho. Akanitazama mpaka nikajifanya natafuta miwani.

Jumatatu, 16 Agosti
Jana kanisani yalisomwa matangazo ya ndoa. Upendo hakutajwa. Yustina alitembea mbele yangu njia nzima.

Leo kaja Tumaini na diski mkononi. Kanipa shikamoo kama siku zote. Akaketi namba tatu, akaniita nione. Virusi ni vya kompyuta. Vya kompyuta YANGU! Mashine ndiyo nzito, mashine ndiyo inayozimika ghafla. Aliona ninavyoipiga makofi, akataka kuitibu kimyakimya ili baba mkwe afurahi. Minyoo nayo ni ya kompyuta. Ebo! Ni nani aliyevipa vitu hivi majina ya maradhi ya watu? Wangeita kutu wangekosa nini?

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimemwomba radhi, karibu nipige magoti. Kasema kanisamehe. Lakini wazee wake Mbeya wameshasikia, na wamesema hawaoi kwenye nyumba inayochungulia mtoto wao. Yeye atakwenda kuwabembeleza, haahidi kitu. Akamaliza kuisafisha mashine, akaaga kwa adabu. Adabu yake ndiyo iliyoniliza.

Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Yustina: historia ya mteja siigusi tena mpaka naingia kaburini.

Ijumaa, 20 Agosti
Upendo kaja kafe! Mara ya kwanza tangu siku ile. Kaomba mashine, na kaomba nitoke nje akiitumia. Nimetoka. Nimesimama kibarazani juani kama mwanafunzi aliyechelewa, wapita njia wananisalimu, nami naitikia. Sikuchungulia dirishani hata kidogo. Mtu hubadilika.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Kaniaga kwa kichwa tu. Je, anamwandikia Tumaini? Anatafuta kazi mbali, atuache wazee wawili na kuta? Nikaketi kwenye kiti chake, kuhakikisha tu kwamba mashine imezimwa vizuri.

Historia tupu. Kafuta yote! Mimi, baba yake mzazi, kanifutia! Asiye na la kuficha hafuti. Nimempigia simu fundi mmoja wa kompyuta, nikamuuliza kama ipo programu ya kuonyesha yaliyofutwa. Kasema ipo. Nimemwambia ailete kesho asubuhi, kabla Yustina hajarudi kutoka jumuiya.