Alama Nyekundu za Bombambili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Niwie radhi, shajara, kwa kimya cha miezi minne. Mkono wa kulia uligoma. Daktari anasema kinga ya mwili wangu inashambulia mishipa ya fahamu. Mguu wa kushoto unaburuzika. Nikifika kona, sijui tena nielekee wapi.

Jumuiya yetu ya Kikatoliki, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, husali kila Jumamosi katika nyumba tofauti. Juzi niliwaongoza waumini wote, na rozari mkononi, hadi kwa Muhsini. Muhsini ni Mwislamu. Alitupa chai.

Makamu wangu, Hironimus, anasema atakuwa ananishika mkono. Anataka kiti. Mwenyekiti asiyeweza kufika mwenyewe si mwenyekiti.

Jumanne, 3 Juni

Mpango: rangi nyekundu. Kona sahihi, alama ya vema. Kona ya kupotea, X. Miaka thelathini na mmoja nilisahihisha madaftari hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Nimetoka alfajiri, ukungu mzito. Kuta tisa. Nimeanguka mara mbili. Shahidi ni mbuzi.

Alhamisi, 5 Juni

Mtaa wetu wa Bombambili umechafuka. Binti yangu Devota anasema nyumba sita zimewekwa X, basi zitabomolewa kupisha barabara. Muhsini ameanza kung'oa mabati. Natalia wa jumuiya yetu amehamishia magunia ya mahindi kwa dada yake, huko mtaa wa Mshangano.

Nimeulizwa kama najua lolote. Nimejibu kwamba serikali haina mwandiko mzuri kiasi hicho. Wamenichagua niongoze ujumbe kwenda ofisi ya mtaa. Nimekubali.

Ijumaa, 6 Juni

Ujumbe uliishia kona ya kwanza. Nilisimama kutafuta vema. Hironimus alinitazama, akautazama ukuta, kisha akatazama viatu vyangu. Vina matone mekundu.

Nimekiri. Muhsini, akiwa juu ya paa, alitanguliza shikamoo, kisha akauliza kama Mwalimu atapanda kumshikia misumari. Natalia alisema magunia yake hayajui kurudi yenyewe. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Hironimus akapendekeza sala zote zifanyike kwangu, nibaki mwenyekiti bila kutembea. Devota alifuta machozi. Nimekataa. Hizo ni ziara za kumwona mgonjwa. Basi kesho, baada ya sala kwa Natalia, jumuiya itaamua nani awe mwenyekiti: mimi au Hironimus.

Kosa langu nimelitafakari kwa kina. Lilikuwa rangi. Nimenunua ya bluu. Dukani walikuwa na kopo kubwa tu, kwa hiyo nitaanza alfajiri na kuta ishirini.

Wakishaamua, nitakuandikia.