Udhuru Wowote, Sala Ije Kwetu

Jumatatu, 7 Julai 2025
Hosiana wangu kamaliza kidato cha sita, sasa anataka kusomea kutengeneza programu za kompyuta. Maombi ya chuo yanafungwa Jumapili. Baba yake yuko Geita, anachimba dhahabu duarani. Kanipigia simu, kasema niamue mimi. Haya. Nimeuliza watu. Scolastika, katibu wa jumuiya yetu ya kanisani, kasema mtoto atapinda mgongo. Wa kwake anasomea uuguzi, anavaa nyeupe. Rajabali wa duka la simu kasema mpwa wake anaifanya kazi hiyo, anashinda nyumbani na kaptula na mshahara unaingia. Kaptula! Nimesali rozari kuomba ishara. Usingizi ukanichukua kwenye fungu la tatu. Mungu anisamehe.

Jumanne, 8 Julai
Ishara imekuja! Padre Onesmo atasali na jumuiya yetu Jumamosi. Ila zamu ya kupokea sala ni ya nyumba ya Scolastika. Na vitambaa vyangu vya makochi viko kwenye nailoni tangu Pasaka, vinamsubiri padre.
Nimempa Hosiana mtihani. Atengeneze programu ya kumuuliza mwenye zamu kwa meseji kama yuko tayari, kisha Jumamosi alfajiri iwatangazie wote pa kusali. Ikifanya kazi, aende akasomee. Ikikwama, uuguzi. Mtoto hata chakula hajala. Scolastika kakubali upesi, kachoka kupiga simu.

Alhamisi, 10 Julai
Hosiana kauliza mwenye zamu akiwa na udhuru, sala ihamie wapi. Nikasema kwetu. Udhuru utajulikanaje? Nikasema asiyejibu neno NDIYO peke yake, huyo ana udhuru.
"Yeyote, mama?"
"Yeyote."
Nawajua watu wangu. Hakuna mtu mtaani kwetu Kambarage atakayeambiwa padre anakuja kwake ajibu ndiyo tu. Lazima kwanza ajishushe. Na kweli, Scolastika kajibu: "Karibuni sana, ingawa kibanda chetu hakina hadhi." Kibanda! Kina jokofu! Basi, sala inakuja kwetu.
Furaha ikanizidi, nikaenda kumsifia mtoto kwa katekista. Naye kaleta orodha za jumuiya zote nane za kigango, ziingizwe. Na ziingie! Wajue ni mtoto wa nani.

Jumamosi, 12 Julai
Saa moja walifika wa kwetu. Saa moja na robo wakaja wa jumuiya ya Mtakatifu Yuda. Kisha Mtakatifu Rita. Baadaye niliacha kutazama njiani. Wenye zamu wote nane walikuwa wamejishusha! Jumuiya nane uani kwangu, nyimbo tatu kwa mpigo, kuku juu ya paa. Jirani yangu Masudi kaleta mikeka yake yote na kunipa pole, akidhani nimefiwa. Makochi yamekaliwa na watoto, na viatu. Padre hakufika hata mlangoni; kasali akiwa amesimama barabarani, kando ya bajaji.
Scolastika kaja na sufuria la chai aliyokuwa ametupikia kwake. Kaomba simu ya Hosiana, kasoma meseji zote, kacheka mpaka akakaa chini.
"Mama Hosiana, hiyo kompyuta inakutii kuliko mumeo."
Hosiana analia jikoni. Anasema amefeli mtihani. Baada ya sala padre kaingia kwa mlango wa nyuma kunywa chai, kamwambia kwamba miaka minne anahangaika kuzikusanya jumuiya nane mahali pamoja. Hakuona vitambaa.

Jumapili, 13 Julai
Nimeungama baada ya misa. Padre kanipa kitubio: nioshe mikeka yote ya Masudi. Nimeosha.
Hosiana alikuwa amekaa na fomu, macho mekundu. Kaniuliza programu ilifanya kazi au ilikwama. Nikamwambia, "Wewe umefaulu, mwanangu. Ilifanya kila nililosema, na hapo ndipo palipoharibika." Saa tisa alasiri maombi yamekwenda. Programu za kompyuta. Baba yake kashangilia simuni.
Kazi nzuri hii, nimeridhika. Inatii, haiulizi kwa nini, wala haisengenyi.
Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa jumuiya. Nimemwambia Hosiana, kabla hajaenda chuo, atutengenezee programu ya kupigia kura kwa meseji. Sharti moja dogo tu: asiyejibu, ahesabiwe amenichagua mimi.
Kaniangalia sana. "Yeyote, mama?"
Nikamwambia yeyote.