Kobalti Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Leo nimeaibika, tena mbele ya watu waliokuja kulia. Nawaandikia nikiwa bado na vumbi la saruji kwenye nyusi, maana najua kabla ya kesho mtaa wetu mzima wa Dilala utakuwa umewasimulia kwa namna yake.

Kwa wasionijua: mimi ni Dédé, napima mawe kwenye depo ya wanunuzi wa madini hapa Kolwezi, Kongo. Wachimbaji wanaleta magunia, mimi naelekeza kwenye jiwe kile kipimo chenye umbo la bastola, na kioo kinaonyesha kama kuna kobalti. Kipimo hicho si mtume. Mara mojamoja kinadanganya, na jiwe la bure linasomeka kama hazina. Jambo hilohilo ndilo nililoliandikia kazi yangu ya kumaliza chuo: ukiuliza maswali mengi mfululizo, usiamini kila "ndiyo" unayopewa. (Niliitetea nikiwa na suti. Walinipigia makofi.)

Mle ndani nilieleza hivi. Ruhusa ya kukosea ni kama unga wa bukari, ugali wetu, nyumbani. Kila swali ni mgeni, na kila mgeni anakula. Ukimpakulia kila mmoja sahani iliyojaa, gunia litaisha na wageni bado wako mlangoni. Basi kadiri wanavyozidi kuja, punguza sahani: "ndiyo" ya leo uidai ushahidi mzito kuliko ya jana. Akitokea mgeni aliyebeba unga wake, yaani ukigundua kitu kikaonekana ni kweli, hapo unaweza kupakua vizuri tena. Rahisi kabisa, ukiwa umevaa suti.

Sasa nina mchumba, Béa. Mama yake, Mama Odile, ni mjane, na paa la nyumba yake linavuja. Mahari bado sijapeleka, na nilitamani sana anione mtu wa maana. Niliposikia watu wa mtaa wa pili wamepata kobalti chini ya nyumba, nikaomba kipimo kwa bosi, nikawa napita ua kwa ua kila nikitoka kazini. Naokota jiwe, napima, hakuna. Naenda ua mwingine, hakuna. Sikuhesabu nilipita nyua ngapi. Nilipofika kwa Mama Odile nikapima jiwe lililokuwa chini ya ukuta wa chumba chake cha kulala, na namba kwenye kioo ikapanda juu. Sikulipima mara ya pili. (Niliogopa jibu lisije likabadilika.)

Nilipompa habari, Mama Odile aliniuliza kitu kimoja tu, akiniita tata, yaani baba, kwa heshima.

"Tata, uko na hakika?"

"Mama, mashini imesema."

Leo asubuhi rafiki yangu Kasongo, mchimbaji, akaja na sururu na mtaimbo. Tukatoa nje godoro, kitanda, kabati na picha ya marehemu mume wa mama. Yaani Kasongo na Béa wakatoa. Mimi nilibaki nje chini ya dirisha, kwa sababu kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiwaka moto. Mama Odile akakaa kwenye godoro pale uani, picha ya mumewe mapajani.

"Hii simenti, marehemu aliimwangaka na mikono yake," alisema. Kisha akainamisha kichwa, na sururu ikaanza.

Kasongo alinipitishia mawe dirishani. La kwanza, hakuna. Nikamwambia ashuke zaidi. Hakuna. Akashuka mpaka sauti yake ikawa inatoka chini.

"Dédé, huku ni udongo tu. Mi nachimba kaburi ao nini?"

Nikatoa mfukoni lile jiwe la mwanzo, lile lililonipa jeuri yote. Nikalifuta kwa shati, nikalipima. Hakuna. Nikalipima tena. Hakuna.

Ndipo nikasikia wimbo wa maombolezo upande wa mbele.

Nikazunguka nyumba, kipimo mkononi. Uani kumejaa wamama. Wamefunga vitenge kiunoni, wengine wamekaa chini, wawili wanamshikilia Mama Odile mabega. Mama Véro, jirani, kiongozi wa kwaya, ndiye anaongoza wimbo. Walipita barabarani, wakaona kitanda nje, godoro nje, picha ya marehemu nje, na mjane amekaa kimya. Hapa kwetu nyumba ikitolewa vitu namna hiyo ni msiba, hakuna anayeuliza. Unaingia, unalia.

Nikainua mkono. (Ule wenye kipimo.)

"Bamama, samahani. Hakuna mutu alikufa."

Wimbo ukakatika. Mama Véro akajifuta machozi taratibu.

"Sasa kitanda kinafanya nini inje?"

Nikaeleza. Nilipofika kwenye neno kobalti, mama mmoja aliyekuwa amekaa chini akainua kichwa.

"Ah, njo ile ulikuya pima kwangu?" ("Njo" yetu ni "ndiyo" yenu.)

"Ndiyo, mama."

"Na kwangu pia alikuya," akasema mwingine.

"Kwangu alipima karibu na choo."

"Kwangu alifukuza hata kuku."

Walitoa ushuhuda mmoja baada ya mwingine, kama ibadani. Mama Odile aliwasikiliza wote, kisha akanigeukia.

"Kumbe ulipita kwa batu bote mbele ya kufika kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwa bote ilisema apana?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile ndiyo moja, haukuipima tena?"

Béa alisogea karibu yangu, akanong'ona kwa upole ambao uliniumiza kuliko tusi: "Dédé, si njo ile uliandika kwa chuo? Mi njo nilikuchapiaka." Nilitazama ile picha ya marehemu na nikasikia haya mpaka kwenye mifupa. Mtu alijenga sakafu yake kwa mikono, mimi nimeivunja kwa jibu moja la bahati.

Wamama hawakucheka. Afadhali wangecheka. Mama Véro aliomba sala fupi, ya nini sijui, wakaitikia amina, wakabaki wamekaa kwa sababu walikuwa wamekwisha kaa.

Nikamwomba Mama Odile msamaha, nikamwuliza kama bado naweza kuja kwa ajili ya Béa. Alifuta vumbi kwenye picha ya mumewe.

"Tata, Béa alinileteaka bachumba bengi. Kila moja alisema, mama, uyu njo wa kweli. Wa kwanza nilimuaminia mbio mbio. Wewe unafika nyuma ya bote." Akaiweka picha juu ya godoro, akasimama. "Wewe, nitakupima tena, na tena. Tuanze na hii shimo. Kesho utaifunga."

"Mama, iko ndani ya chumba chenu. Mi siwezi kuingia."

"Dirisha iko."

Basi, anayetaka kucheka avumilie hadi ndoa ifungwe. Na mwenye koleo la mpini mrefu sana, naomba aniazime kabla ya saa mbili asubuhi.